Nusa Kabla ya Kutoboa

Rehema, wewe na wenzako wa kitaluni mlinipa khanga, keki na saa ya ukutani siku ile ya kuniaga, halafu ukaniomba mbele ya watu wote, ili nisipate pa kukataa, niwaandikie namna ya kuchagua vyombo vya kupandia sakulenti, hii mimea yetu ya majani manene. Haya, nimeandika. Nimekaa mezani kwangu hapa Karatu wiki ya tatu sasa, na mbele yangu kuna chipukizi la mshubiri limelala juu ya kipande cha gazeti. Halina chungu. Habari zake zitakuja mwishoni.

Mlizoea kunicheka kwa jambo moja. Kila chombo kilichofika kitaluni, kiwe chungu, kopo au ndoo iliyopasuka mdomo, nilikiinua hadi puani kabla ya kuchukua keekee na kukitoboa. Mkasema Mama Vyungu ananusa kama mbwa wa polisi. Niliwaacha mseme, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuchekwa kuliko kueleza. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunihamisha tena, nitaeleza.

Mimi sikuajiriwa bustanini. Niliajiriwa dobi, kufua mashuka ya wageni wa loji, nikadumu wiki mbili. Msimamizi alisema mashuka yangu yana madoa. Nikamjibu kwamba madoa ni ya mgeni, akamuulize mgeni. Siku iliyofuata nikapelekwa kitaluni kama adhabu, na huko nikamkuta Mzee Hamisi, Mnyaturu wa Singida aliyekuja Karatu akiwa kijana kuchuma kahawa mashambani na alikuwa bado hajarudi kwao. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu na koti la mvua hata jua likiwaka, maana hali ya hewa ya huko juu hakuiamini hata kidogo. Hakuniuliza jina. Alinipa mshubiri mmoja uliong'olewa, udongo ukiwa bado unadondoka, akaniambia niutafutie nyumba.

Nikachagua chupa kubwa ya kioo iliyotupwa na jikoni, iliyokuwa ya achari. Nikaweka kokoto chini, juu yake mchanga, juu yake udongo mweusi, nikamwagia maji na kuipanga dirishani. Ilipendeza kweli, na wahudumu walipita wakaisifia. Mzee Hamisi alingoja siku tisa. Siku ya kumi akaniita, akaupindua mmea mezani. Mizizi ilikuwa imeoza, inateleza, inanuka siki.

"Binti, huyu umemfungia ndani. Maji yataondokea wapi?"

"Nimeweka kokoto chini, mzee."

"Kokoto si mlango," akasema. "Halafu hiyo nyumba yenyewe hukuinusa. Mtu aliyelala humo kabla yake alikuwa chumvi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi. Mengi niliyowafundisha ninyi ni yake, mimi nimeyasema tu kwa sauti kubwa zaidi. Tundu la chini liwe la kupitisha kidole kidogo. Chungu kidogo kinatosheka na tundu moja, kipana kinataka matatu, na chombo usichoweza kukitoboa kiachie jikoni. Huko kwenu lojini, karibu na ukingo wa kreta, lile bonde la volkano, ambako ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, tumia chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa, kwa kuwa kinapumua na udongo hukauka upesi. Huku chini mjini, upepo wa kiangazi na vumbi vikianza, chungu hichohicho kitaukausha mmea hadi ukunjamane. Huku plastiki haina ubaya, ila uiepushe na jua la saa nane. Makopo ya mafuta ya kupikia hupata moto na kuchoma mizizi, na kutu yake haiishi. Usiupe mmea mdogo chungu kikubwa ukidhani unaukarimu. Vidole viwili kuzunguka shina vinatosha, na kimo kisizidi sana upana, maana udongo wa chini usiofikiwa na mizizi hubaki umeloa. Na chombo kiwe kizito, maana chungu chepesi cha plastiki nyani wanakichukua na kwenda nacho. Nimewahi kuona kimoja juu ya paa la mapokezi, mmea ukiwa bado umo.

Alinifundisha pia kugonga. Chungu kizima ukikigonga kwa kifundo cha kidole hulia, chenye ufa hukohoa. Na chipukizi ukilitenga na mama yake usikimbilie kulipanda. Liache juu ya gazeti kidonda kikauke, hata wiki tatu, mizizi itaanza kuchungulia yenyewe. "Haraka ya nini?" alikuwa akiniambia. "Huyu hafi. Wewe ndiye utakayemuua kwa haraka zako."

Sasa nije kwa Naserian. Ninyi mlimwona mara moja tu, siku ya kuniaga, yule mama wa Kimaasai aliyekuja na mfuko wa gazeti, mkashangaa nilipoanza kulia. Alikuwa mtu wa palizi kitaluni kwetu kwa miaka mingi kabla hamjaja. Kwao ni Kakesio. Tulikuwa rika moja, na tulitaniana tangu siku ya kwanza. Mimi Mwiraqw, yeye Mmaasai. Babu zetu waliibiana ng'ombe, sisi tukaibiana miche ya sukuma wiki. Jina la Mama Vyungu ni yeye aliyenipa. Mchana tulikula pamoja, mimi naleta ugali, yeye analeta maziwa ya mgando katika kibuyu kidogo, yana harufu ya moshi. Kina mama wa kwao hukisafisha kibuyu kwa kijinga cha mzeituni pori kinachowaka, wanakisugua ndani hadi kiwe cheusi, na maziwa hukaa humo bila kuharibika. Mwanzoni harufu ile ilinishinda. Baadaye nikawa siwezi kula ugali bila maziwa yale.

Mwaka ule binti yake Nalepo alikuwa anaolewa. Kwao binti akiondoka nyumbani, mama humkabidhi kibuyu cha maziwa, na kibuyu cha Naserian hakikuwa cha juzi. Alikipokea kwa mama yake siku yeye mwenyewe alipoolewa. Alikuja nacho kazini ili fundi wa ngozi wa mjini akivalishe mkanda na kifuniko kipya chenye shanga. Alivua ngozi kuukuu na kumpelekea fundi kama kipimo, kibuyu chenyewe akakiacha kitupu ghalani.

"Mama Vyungu, nimekiweka rafuni," aliniambia. "Hapo juu, kisikanyagwe."

"Nimekiona," nikajibu. Na kweli nilikuwa nimekiona.

Wiki hiyohiyo meneja, ambaye alikuwa mgeni kazini na ana mawazo mapya kila Jumatatu, aliamua kwamba meza zote za ukumbi ziwe na sakulenti zilizopandwa ndani ya vibuyu. Wageni wakubwa wangefika Ijumaa na wanapenda vitu vya asili. Nilimweleza kwamba kibuyu kipya hakifai, kikikaa na udongo wenye unyevu kitalainika na kuoza ndani ya msimu mmoja. Akaniambia wageni wanakaa siku mbili tu. Gunia la vibuyu arobaini likaletwa kutoka mnadani siku ya Alhamisi mchana. Mzee Hamisi alikuwa amelala na homa. Gunia nililimwaga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, kwenye rafu ileile.

Nikaanza kutoboa. Ukishashika keekee muda mrefu mkono huenda wenyewe: unakilaza kibuyu magotini, unaweka ncha katikati ya kitako, unazungusha, unapuliza unga, unachukua kingine. Unga wa kibuyu kipya ni wa rangi ya ngano. Sikunusa hata kimoja. Vyote vilitoka gunia moja, ninuse nini? Meneja alikuwa amepita mara mbili akiangalia saa.

Nilikuwa nimevuka ishirini unga ulipotoka mweusi.

Niliacha kuzungusha. Ncha ilikuwa imeshapenya hadi ndani. Nikainamisha kichwa, na kabla pua haijafika nikaipata harufu ya chakula changu cha mchana. Moshi wa mzeituni pori na maziwa. Nikatazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Naserian alikuwa upande wa pili wa loji, ananyunyizia maua, namsikia anaimba.

Nitasema nilichofanya, kwa kuwa ndicho nilichoahidi kueleza. Sikumwita. Nilijaza changarawe nyeusi na udongo, nikapanda mshubiri mdogo wa mlimani wenye madoa meupe, nikafunika mdomo kwa kokoto na kukisukuma katikati ya vingine. Sijawahi kufanya kazi haraka namna ile. Jioni vibuyu vyote arobaini vilipelekwa ukumbini, na kimoja zaidi.

Ijumaa asubuhi Mzee Hamisi alirudi kazini akiwa bado anatetemeka. Naserian naye alikuja amevaa shuka jipya na shanga zake zote, maana ndiyo siku aliyokuwa anaondoka. Gari la kwenda Endulen lilikuwa likipita langoni saa sita mchana, na kutoka Endulen angepata usafiri hadi Kakesio. Arusi ilikuwa Jumamosi. Mkanda mpya wa ngozi alikuwa nao mkononi, umeshonwa vizuri, shanga za buluu na nyeupe. Akaingia ghalani kuchukua kibuyu.

Alikitafuta rafuni. Akakitafuta chini ya rafu, nyuma ya mapipa, ndani ya magunia ya samadi. Alipotoka uso wake ulikuwa umekaza.

"Mama Vyungu, kibuyu changu hujakiona?"

"Sijakiona," nikasema.

"Kilikuwa pale juu. Nilikuambia."

"Labda kuna aliyekisogeza. Jana watu walikuwa wengi humu."

Hapakuwa na mtu jana ila mimi. Aliniamini. Alikwenda kuuliza jikoni, akaenda dobi, akaenda kwa walinzi. Mimi nikamsaidia kutafuta, Rehema, ndiyo, niliinua magunia na kuchungulia nyuma ya mapipa. Nilijiambia kwamba kimeshatobolewa, nikisema sasa namwongezea machungu siku ya safari, afadhali nimweleze akirudi. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Ilipofika saa nne mtu mmoja jikoni alisema ufunguo wa ghala usiku hulala kwa Mzee Hamisi, hata akiwa mgonjwa. Naserian alimtazama yule mzee kwa muda mrefu, na Mzee Hamisi akauona mtazamo ule.

Hakujitetea. Aliuliza tu kazi ya jana ilikuwa ipi, nikamwambia vibuyu. Akavaa koti lake na kwenda ukumbini. Nilimfuata kwa mbali. Alipita meza baada ya meza, akiinua kibuyu kimoja kimoja na kukinusa kitako, kama alivyonifundisha siku zile za chupa ya achari. Kwenye meza ya karibu na dirisha alikishika kimoja, hakukirudisha. Akanigeukia. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi kama angenitukana.

"Gari halijapita," akasema.

Akaniwekea kibuyu mikononi na kutoka.

Ilikuwa saa sita kasoro. Kutoka ukumbini hadi langoni ni kukata uwanja wa nyasi tu. Nilimwona Naserian kule chini, amesimama kando ya barabara na fimbo yake na begi, mkanda wa ngozi umening'inia mkononi hauna cha kufunga. Nikaanza kutembea. Nilikuwa nimeshajipanga maneno. Nilipofika mlango wa jikoni nikasikia meneja ananiita kwa nguvu.

"Mama Vyungu! Njoo kwanza! Wageni wanauliza nani amefanya hii dekoresheni!"

Wageni walikuwa wamesimama barazani na kamera zao. Ningeweza kusema narudi sasa hivi, ni maneno matatu. Niligeuka. Nikaenda nikasimama mbele yao na kibuyu cha mama yake Naserian kifuani, wakanipiga picha, wakapiga makofi, mmoja akauliza mmea huu unaitwaje, na mimi nikamjibu. Nilikuwa bado namweleza habari za mizizi niliposikia honi langoni, kisha mlango wa gari ukifungwa.

Naserian alirudi baada ya siku nne. Nilimngoja kitaluni, kibuyu kikiwa juu ya benchi, mmea ndani. Nilimwambia yote bila kusita kwa sababu kila usiku wa siku zile nne nilikuwa nayasema peke yangu. Alikigeuza, akatia kidole kidogo kwenye tundu. Kidole kilienea sawasawa.

"Uliniambia hujakiona," akasema.

"Ndiyo."

"Ukanisaidia kutafuta."

"Ndiyo, Naserian. Nisamehe."

"Nalepo ameondoka na maziwa kwenye dumu la plastiki. Wifi zake walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa ananiangalia mimi." Alikuwa haongezi sauti hata kidogo. "Hili tundu lingezibika, mama. Kwetu kuna wazee wanaziba kwa ngozi na nta, wala maziwa hayavuji. Ungeniambia asubuhi ile, ningekwenda nacho."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi ninayejua matundu kuliko mtu yeyote katika loji ile sikujua kwamba tundu huzibwa.

"Basi tukizibe," nikasema. "Nitagharimia mimi, nitakwenda mwenyewe Kakesio."

"Cha nini tena? Binti ameshaondoka nyumbani."

Nikanyoosha mkono kuung'oa mshubiri nimrudishie kibuyu chake kitupu. Akanizuia. "Usiung'oe. Ulitaka kiwe chungu, basi kiwe chungu." Akakibeba hivyo hivyo hadi kwenye chumba chake kule kwenye nyumba za wafanyakazi na kukiweka mlangoni, mahali ninapopita kila siku kwenda kazini. Kabla ya kulala alikwenda kwa Mzee Hamisi kumwomba radhi kwa ule mtazamo. Mimi nilikwenda pia. Mzee alisema ameshasahau, na nadhani alisema kweli, mambo ya kushikilia hakuyaweza.

Masika yalipokuja vibuyu arobaini vilioza vyote, kama nilivyosema. Viliota ukungu, vikawa laini, nikavitupa kwenye shimo la mboji. Cha Naserian hakikuoza. Kilikaa mlangoni mvuani na juani mwaka baada ya mwaka, maji yakiingia juu na kutoka chini, mshubiri ukanenepa na kutoa watoto. Mafuta ya maziwa na moshi wa miaka yote ile yalikuwa yamekikausha kuliko chungu chochote cha tanuri. Mzee Hamisi, siku aliyonikabidhi keekee yake kabla ya kurudi Singida, alisimama mbele ya kibuyu kile akakigonga. Kililia vizuri. "Hiki ndicho chungu bora ulichopata kutengeneza," akaniambia, na hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Naserian tulifanya kazi pamoja hadi alipostaafu akarudi kwao Kakesio na kibuyu chake. Alinisalimu kila asubuhi, alinitania, alinisaidia nilipofiwa na mume wangu. Lakini maziwa hakuleta tena. Mchana alikuja na chai kwenye chupa. Sikuthubutu kuuliza, na ugali wangu niliula mkavu miaka yote ile.

Siku ya kuniaga, Rehema, ulipomwalika hukujua unamwalika nani. Alishuka kwenye gari akiwa amechoka, akala keki yenu kidogo, akasubiri hotuba ziishe. Kisha akanipa gazeti lililokunjwa. Ndani kulikuwa na chipukizi hili, la mshubiri uleule, limetengwa na mama yake kwa kisu kikali, kidonda bado kibichi.

"Umelileta bila chungu," nikasema, maana sikujua niseme nini.

"Wewe si ndiye Mama Vyungu?" akanijibu. "Chombo tafuta mwenyewe."

Nimetafuta kwa wiki tatu. Nina vyungu vya udongo tisa uani, na bakuli la mawe nililopewa na mgeni mmoja. Kila kimoja nimekigonga na kukinusa, na vyote vinafaa, hakuna kinachonuka kitu. Kidonda kimekauka, na jana nimeona mzizi mweupe unachungulia. Kwa kanuni zote nilizowaandikia hapa, leo ndiyo siku ya kulipanda.

Nimelifunga tena kwenye gazeti. Kesho nakwenda Kakesio kumwomba Naserian anichagulie yeye, na kama kuna maziwa nyumbani kwake, nitaomba na maziwa. Gari bado linapita langoni kwenu saa sita. Nitakuwa pale tangu saa tatu, na meneja akiniita sitageuka.